Boni ya Yaya na mfuko wangu: kulipia sindano ya kupunguza uzito hapa Lubumbashi

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, na mimi tumezaliwa tumbo moja, na tukipanda mizani tunatofautiana kilo chache tu. Hata hivyo yeye hujidunga semaglutide, sindano inayotibu sukari na kupunguza uzito, kila wiki bila kutoa hata franka moja, ilhali mimi, nikiitaka dawa hiyo hiyo, sina budi kuitafuta mwenyewe, kuilipia kwa dola, na kuendelea kuilipia mwezi baada ya mwezi. Kinachotutenganisha ni karatasi mbili alizo nazo yeye: majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba ana ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, na kijitabu cha matibabu cha kampuni ya shemeji, ambamo jina lake limeandikwa kama mke wa mfanyakazi. Kwa kuwa ndugu na marafiki wamekuwa wakiniuliza sindano hii inalipiwaje katika mji wetu, nimeona heri niandike yale niliyoyajua kwa kumfuatilia yeye, na kwa kupiga hesabu zangu mwenyewe.

Nianze na upande wenye boni, yaani ile karatasi ya mwajiri au ya bima inayomwezesha mgonjwa kupewa dawa bila kulipa. Hapa kwetu watu wengi wanaosema wana bima, kwa kweli wana mwajiri. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimu mwajiri kumtibu mfanyakazi na familia yake wanapougua, pamoja na kuwapatia dawa, na desturi hiyo katika Katanga ni kongwe kuliko kanuni yenyewe. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines iliyorithi migodi yake, zilikuwa na hospitali zao, zahanati zao na wauguzi wao, hata kampuni ikawa inaitwa baba na mama. Wazee wetu wanakumbuka pia namna malezi hayo yalivyokoma, kwa sababu katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini, na familia nyingi zikajikuta hazina mshahara wala daktari. Ninalitaja hili mapema kwa makusudi: dawa ya kupunguza uzito ni dawa ya miaka, na boni haidumu kuliko kazi iliyoileta.

Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipomaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, makampuni binafsi ya bima nayo yameingia sokoni, na wapo waajiri ambao, badala ya kuendesha zahanati yao, hununua mkataba mmoja kwa ajili ya wafanyakazi wote. Mkataba wa namna hiyo una mambo mawili ambayo mgonjwa huyagundua akiwa tayari amesimama mbele ya dirisha la duka la dawa: kikomo cha fedha ambazo kila mtu anaweza kutumia kwa mwaka, na ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Nilikiazima kijitabu cha shemeji nikausoma ukurasa huo barazani kwao, Kamalondo. Matibabu ya kupunguza uzito yalikuwa yameorodheshwa kati ya upasuaji wa urembo na miwani ya jua. Sikushangaa sana, ingawa nilikasirika, maana mtu ambaye magoti yake yanamuuma kwa sababu ya kilo 30 za ziada hatafuti urembo.

Basi Yaya alipataje? Alipata kwa sababu hakuna mahali alipoomba dawa ya uzito. Semaglutide, inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, huuzwa kwa majina tofauti kulingana na ugonjwa unaotibiwa: Ozempic ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya sukari ya aina ya pili, na Wegovy, ambayo dozi yake wakati huo ilipanda hadi miligramu 2.4 kwa wiki, ikakubaliwa mwaka 2021 kwa ajili ya uzito. Kilichomo ndani ni kitu kile kile. Daktari wa Yaya aliandika barua iliyoeleza kiwango cha sukari yake kwa kipimo cha HbA1c, muda ambao amekuwa akimeza metformin bila sukari kushuka inavyotakiwa, na shinikizo lake la damu lililo juu. Uzito wake haukutajwa popote. Daktari mshauri wa bima aliirudisha barua hiyo mara ya kwanza, akitaka kujua kwa nini isiongezwe kwanza dawa nyingine ya bei nafuu. Daktari akajibu, akaambatisha majibu mapya ya maabara, na boni ikatoka kwa miezi mitatu. Ikiisha, safari huanza upya. Yaya sasa ana faili la plastiki ambamo kila karatasi imepangwa kwa tarehe, na huenda nalo hata anapokwenda kumsalimia daktari tu.

Anayedhani mchezo huu wa karatasi ni wa Kongo pekee atazame Marekani, ambako dawa hizi zimezungumzwa kuliko mahali pengine popote. Sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha malipo ya dawa katika Medicare, bima ya serikali kwa wazee, iliziacha nje dawa zinazotolewa kwa ajili ya kupunguza uzito. Kisha ukaja utafiti uitwao SELECT, uliotangazwa mwaka 2023, uliofuatilia watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa lakini wasio na sukari, na ukaonyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa maradhi ya moyo. Machi 2024 Wegovy ikakubaliwa kwa kazi hiyo, na mara Medicare ikapata ruhusa ya kuilipia kwa wenye ugonjwa wa moyo. Desemba 2024 tirzepatide, dawa ya kampuni ya Eli Lilly inayouzwa kama Zepbound, ikakubaliwa kwa watu wanene wanaokatika pumzi usingizini, na hapo mlango mwingine ukafunguka. Mtu yule yule, mwenye tumbo lile lile, hulipiwa au halipiwi kulingana na jina la ugonjwa lililoandikwa juu ya fomu.

Kwa sababu hiyo wapo wanaomwendea daktari na kumwomba awaandikie sukari wasiyokuwa nayo. Nimelisikia ombi hilo likitolewa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba cheti cha kutofika kazini. Mimi nalipinga, na si kwa ajili ya maadili tu. Jina la ugonjwa likishaingia katika faili lako halitoki kirahisi. Utakapolazwa kwa jambo lingine utatibiwa kama mwenye sukari, na bima mpya itakuuliza habari zake. Tena kati ya mwaka 2022 na 2024 Ozempic iliadimika katika nchi nyingi, na walioumia zaidi ni wenye sukari waliokwenda dukani wakakuta rafu tupu.

Sasa nije upande wangu, upande usio na boni. Nina duka la vitambaa, sijaajiriwa na mtu, na uwiano wa uzito na urefu wangu umepita 30, kiwango ambacho madaktari huanzia kumhesabu mtu kuwa mnene wa kutibiwa. Kwa mwenye ugonjwa mwingine unaotokana na uzito, kizingiti hushuka hadi 27. Nilipima sukari, na daktari aliponiambia kwamba ni ya kawaida nilimshukuru Mungu, kisha nikacheka, kwa maana afya yangu ndiyo iliyokuwa inaninyima dawa.

Bei za ng'ambo zinasaidia kupata picha. Nchini Marekani bei iliyotangazwa ya Wegovy ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni dola 16,188; mwezi Machi 2025 kampuni ikaanza kuwauzia wasio na bima kwa dola 499, na hata hiyo ilikuwa karibu dola 6,000 kwa mwaka. Ufaransa, ambako bima ya umma inasifiwa kwa kulipia karibu kila kitu, Wegovy iliingia Oktoba 2024 bila kulipiwa, na mnunuzi alitoa takriban euro 300 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake. Hapa Lubumbashi bei haikuandikwa mahali. Hutamkwa kwa dola, hutegemea kalamu (dawa huja ndani ya kifaa cha kujidungia kinachofanana na kalamu) imetoka Afrika Kusini, Dubai au Ulaya, hutegemea ni nani aliyeivusha mpaka wa Kasumbalesa na alitoa kitu gani njiani, na wiki ijayo huenda ikawa nyingine. Kalamu moja ya Ozempic ina dozi za wiki nne. Kwa hiyo hesabu ya kufanya si ya kalamu moja. Ni ya kalamu kumi na tatu kwa mwaka, na dozi hupandishwa polepole, kwa hiyo mwenye kununua kalamu mbili za kuonja huwa amenunua miezi ambayo dawa bado haijafika kwenye nguvu yake.

Jambo lililonifanya nisite zaidi ya bei ni friji. Kabla ya kufunguliwa, kalamu hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, na isigande kamwe. Ikiganda hutupwa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Baada ya kuanza kutumiwa, Ozempic inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki sita mradi joto lisipite digrii 30. Msomaji wa Lubumbashi anajua maana ya sharti hilo mwezi wa Oktoba mchana, na anajua SNEL, shirika letu la umeme, linavyoukata. Nilikwenda katika duka moja la dawa katikati ya mji, nikamwomba mwuzaji, kwa heshima, anionyeshe kalamu zinapokaa. Alifungua friji ndogo iliyokuwa na chupa za maji ya kunywa mlangoni na, nyuma kabisa, visanduku vitatu vilivyobanwa kwenye ukuta wa barafu. Kimoja kilikuwa kimeshikana na barafu hadi karatasi yake ikachanika alipokivuta. Alinihakikishia kwamba wana jenereta. Sikuwa na shaka na jenereta yake. Hofu yangu ilikuwa ile barafu. Bei aliyoitaja kwa kalamu ile iliyokwisha kuharibika ilikuwa sawa na ya kalamu nzima, na hakuna namna ambayo mnunuzi angeitambua akiipokea imefungwa vizuri ndani ya mfuko.

Kuna na za bandia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide ya bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023, na mwaka huo huo wa 2023 mamlaka ya Austria ilionya baada ya watu kulazwa kwa kutumia Ozempic ya bandia, ikishukiwa kwamba ndani yake kulikuwa na insulini, dawa inayoweza kumwangusha mtu asiye na sukari papo hapo. Ikiwa nchi zenye ukaguzi mkali zimepenyezwa, sioni kwa nini kalamu iliyopita katika mikono mitano hadi kufika kwetu iaminiwe bila kuangaliwa namba yake ya toleo, lakiri yake na maandishi yake. Mimi ningenunua mahali panapotoa risiti yenye namba hiyo ya toleo, hata kama bei yake ni kubwa kidogo, na nisingenunua kabisa kwa mtu anayetangaza kwa picha za simu na kuleta hadi mlangoni.

Yaya, kwa huruma yake, alinipendekezea njia ya mkato: tugawane kalamu yake, kila mtu na sindano yake. "Mdogo wangu, sindano si tunabadilisha?" aliniuliza. Nilimkatalia. Watengenezaji wanakataza kalamu moja kutumiwa na watu wawili hata sindano ikibadilishwa, kwa kuwa damu kidogo inaweza kurudi ndani ya kalamu na kubeba virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Pia dozi zake zimehesabiwa. Akinipa mbili, sukari yake itapanda kabla ya boni nyingine kutoka, na majibu ya maabara yatakayofuata yatamwambia daktari mshauri kwamba dawa haifanyi kazi. Ninajua kwamba kugawana kunafanyika katika nyumba nyingi hapa mjini, kwa upendo kabisa, na ndiyo maana ninaliandika.

Wale wanaotafuta kitu cha bei ya chini huelekezwa kwenye orlistat. Hii ni kapsuli ya kumeza pamoja na chakula, ya zamani, ambayo huzuia takriban asilimia 30 ya mafuta yaliyoliwa yasiingie mwilini, na haihitaji friji. Uzito unaopungua kwa orlistat ni mdogo kuliko ule wa sindano, na mafuta yaliyozuiwa ni lazima yatoke mahali fulani. Mtu akila sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga, kisha akameza kapsuli yake na kupanda teksi kutoka Katuba hadi mjini, ameweka heshima yake rehani. Nacheka, lakini ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Vilevile sitaacha kusema kwamba maduka yale yale yanayouza dawa za kupunguza uzito kwa bei ya juu huuza kwa bei ya chini kabisa vidonge vya kunenepesha, deksamethasoni na siproheptadini, ambavyo baadhi ya dada zetu hununua bila karatasi ya daktari. Deksamethasoni hupandisha sukari na shinikizo la damu. Huenda baadhi ya wateja wa sindano wa kesho wanatengenezwa leo kwa vidonge hivyo.

Swali lililoamua jambo langu lilikuwa hili: nitafanya nini fedha ikiisha? Katika utafiti mkubwa wa kwanza wa semaglutide kwa ajili ya uzito, uliochapishwa mwaka 2021, watu walipunguza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, na si ajabu dunia ikapigwa na butwaa. Lakini waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa walikuwa wamerudisha thuluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Ugonjwa huu hauponi kwa kozi moja kama malaria; ukiacha dawa, njaa hurudi. Kwa hiyo mwenye fedha za miezi minne ananunua miezi minne ya wepesi, pamoja na kichefuchefu cha mwanzo, halafu anarudi alikokuwa akiwa na madeni. Nilifungua daftari la duka nikajiuliza kama ninaweza kutoa fedha hiyo kwa miaka miwili bila kukopa na bila kugusa karo ya watoto, na jibu likawa hapana. Mtu mwingine mwenye daftari nene kuliko langu anaweza kupata jibu tofauti, na simlaumu. Ninachomwomba ni afanye hesabu ya miaka, si ya mwezi.

Kwa wasio na mwajiri, serikali bado iko mbali na jambo hili. Mpango wa afya kwa wote ulianzia Kinshasa mwaka 2023 kwa kugharimia uzazi, na nadhani ni haki mama anayejifungua atangulie mbele yangu. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu mwezi Septemba 2025, lakini kwa wenye sukari ya aina ya pili walio wanene na wenye maradhi ya moyo au figo. Mwezi Desemba likatoa mwongozo wa kwanza kuhusu kuzitumia kwa unene wenyewe, likitaja bei kuwa mojawapo ya vikwazo. Tumaini la kweli naliona India. Hataza ya semaglutide, yaani haki inayowazuia wengine kuitengeneza, mwisho wake huko uliwekwa kuwa mwezi Machi 2026, na viwanda vya India ndivyo vinavyojaza sehemu kubwa ya rafu za maduka yetu ya dawa. Bei itashuka, friji za mjini ndizo sijui nani atazirekebisha.

Kwa wenye boni nina ombi moja la vitendo, nililojifunza kwa shemeji. Mkataba wake ni wa muda, na unaisha mwezi Juni. Yaya alimuuliza daktari mapema itakuwaje usipofanywa upya, na daktari hakumpa maneno ya kumtuliza. Aliandika katika faili lake dawa atakazorudi kwazo na kiasi cha kuanzia, metformin pamoja na gliklazidi, akamwambia aanze kupima sukari yake kila asubuhi tangu wiki ya mwisho ya sindano. Dawa zote mbili zinapatikana hapa mjini, kwa bei ambayo hata mimi ningeimudu.